Mwongozo Kamili wa Kumlisha Mtoto wa Mbwa Chakula Kikavu Tangu Kulikizwa Hadi Kukomaa

Malalamiko ya wanaolea watoto wa mbwa kwa chakula kikavu hufanana sana. Mmoja anaharisha tangu mfuko mpya ulipofunguliwa, mwingine amenenepa mpaka kiuno hakionekani, na wa tatu miguu yake ya mbele imeanza kupinda ilhali analishwa nyama kila siku. Mara nyingi mwenye mbwa amenunua chakula kizuri kabisa, na kosa linatokea kati ya mfuko na bakuli: kiasi kinakisiwa kwa macho, chakula kinabadilishwa ghafla, na juu yake panaongezwa vitu ambavyo mwili wa mnyama huyo hauvihitaji.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Usiruke hatua ya tatu kwa sababu ina hesabu, maana hiyo ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoharibu zilizobaki.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Chakula kikavu kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa (namna ya kukichagua imeelezwa katika hatua ya pili).
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja.
- Mizani ya kupimia uzito wa mtu. Utapanda juu yake ukiwa umembeba mbwa, kisha utapanda peke yako, na tofauti ndiyo uzito wake. Akiwa chini ya kilo 3, mpime kwenye mizani ya jikoni akiwa ndani ya beseni.
- Bakuli mbili nzito zisizopinduka kirahisi, moja ya chakula na nyingine ya maji.
- Daftari na kalamu, pamoja na simu yenye kikokotoo.
- Chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, kikubwa kiasi cha kuingiza mfuko mzima wa chakula.

Ukikosa kingine chochote utapata njia ya kufanya, lakini mizani ya jikoni haina mbadala. Jaza kikombe unachotumia kwa punje mara tano, kila mara ukikipima, uone jinsi kipimo kinavyopanda na kushuka. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa milo minne ya kila siku na kwa miezi kadhaa, inatosha kumnenepesha au kumdhoofisha mnyama mdogo.

## Hatua ya 1: Hakikisha tumbo lake liko tayari

Mtoto wa mbwa huanza kuonja chakula kigumu akiwa na wiki 3 hadi 4, meno ya utotoni yanapochomoza, na hulikizwa kabisa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Katika kipindi hicho punje hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20 mpaka zilainike, kisha hupondwa ziwe kama uji mzito. Kadiri wiki zinavyopita, punguza maji taratibu, ili ifikapo wiki ya 8 aweze kutafuna punje kavu au zilizoloweshwa kidogo tu.

Usitumie maziwa ya ng'ombe kulowekea. Yana laktosi nyingi kuliko maziwa ya mbwa, na tumbo linaloshindwa kuisaga laktosi hiyo huishia kuharisha.

Jambo la pili ni minyoo. Minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni, na pia kupitia maziwa, kwa hiyo hata mtoto aliyezaliwa mahali safi sana anaweza kuwa nayo. Ndiyo sababu madaktari wa mifugo huanza kutoa dawa akiwa na wiki 2, wakairudia kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 8 au zaidi, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mbwa mwenye tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zikionekana hatibiwi kwa kuongezewa chakula. Mpeleke kwanza kwa daktari.

Dalili ya kufanikiwa: anamaliza mlo wake bila kusukumwa, anacheza, na kinyesi chake kinashika umbo.

## Hatua ya 2: Soma lebo kabla ya picha

Picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa haikuambii chochote. Geuza mfuko, utafute maelezo madogo ya nyuma, na uanze na mambo matatu.

La kwanza, chakula kiwe kimetajwa kuwa kamili na chenye uwiano wa virutubisho. Kikitajwa kuwa cha nyongeza au cha kujazia, hakiwezi kuwa mlo wake wa kila siku. La pili, kiwe kimekusudiwa kipindi cha ukuaji, au umri wote tangu utotoni. Chakula cha mbwa waliokomaa hakitoshi. La tatu, kama mbwa wako atazidi kilo 32 akikomaa, lebo iseme kwamba kinafaa hata kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa.

Baada ya hapo njoo kwenye tarakimu. Kwa mujibu wa viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo ambacho viwango vyake hutajwa kwenye mifuko mingi, chakula cha ukuaji kinapaswa kuwa na protini isiyopungua asilimia 22.5 na mafuta yasiyopungua asilimia 8.5. Cha mbwa aliyekomaa ni asilimia 18 na 5.5. Viwango hivi huhesabiwa baada ya kuondoa unyevu, ilhali lebo huandika tarakimu zenye unyevu ndani yake, hivyo ni lazima ugeuze kwanza.

Ugeuzaji wenyewe ni rahisi. Ikiwa lebo inasema protini asilimia 27 na unyevu asilimia 10, basi sehemu kavu ni 90. Gawanya 27 kwa 90, zidisha kwa 100, utapata 30. Chakula hicho kina protini asilimia 30, na kimevuka kiwango.

Tarakimu inayostahili kuchunguzwa kuliko zote ni ya kalisiamu. Kiwango cha chini kwa ukuaji ni asilimia 1.2. Cha juu ni 2.5, lakini kwa mbwa wa aina kubwa kinashuka hadi 1.8. Utumbo wa mbwa aliyekomaa hupunguza wenyewe kalisiamu unayofyonza inapozidi, lakini wa mtoto katika miezi ya mwanzo hauna kizuizi hicho: sehemu kubwa ya kinachoingia hupita na kwenda kwenye mifupa inayojengwa. Katika mbwa anayekua haraka na kuwa mzito, ziada hiyo huvuruga gegedu na viungo. Angalia pia fosforasi, kwa kuwa kalisiamu isipungue kiasi cha fosforasi wala isizidi mara mbili yake.

Wengi huogopa protini wakidhani ndiyo inayopindisha miguu. Hofu hiyo imeelekezwa pasipo. Kinachoharibu mifupa ya mbwa mkubwa anayekua ni nishati iliyozidi na kalisiamu iliyozidi, na chakula chenye protini ndogo hakimkingi na lolote kati ya hayo.

Dalili ya kufanikiwa: unaweza kuandika daftarini, kwa mfuko ulionao, asilimia ya protini, mafuta, kalisiamu na fosforasi, pamoja na nishati kwa kila kilo. Kama kalisiamu haikuandikwa kwenye mfuko wa chakula cha mbwa wa aina kubwa, mwulize mtengenezaji, na asipojibu, chagua chakula kingine.

## Hatua ya 3: Kokotoa kiasi cha siku nzima

Kwanza tafuta nishati iliyomo kwenye chakula. Mifuko mingi huiandika kwa kilokalori kwa kilo, na vyakula vikavu vingi vina kati ya 3,500 na 4,000. Isipoandikwa, ikadirie hivi: jumlisha protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu (yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa), kisha toa jumla hiyo kwenye 100 ili upate wanga. Zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5 na wanga kwa 3.5, ujumlishe. Chakula chenye protini 28, mafuta 15, nyuzinyuzi 3, unyevu 10 na majivu 7 kina wanga 37. Hesabu inakuwa 98 + 127.5 + 129.5 = 355. Hizo ni kilokalori 355 kwa gramu 100, yaani 3,550 kwa kilo.

Sasa tafuta mahitaji ya mbwa mwenyewe. Kanuni ya madaktari wa mifugo ni kuchukua uzito wake kwa kilo, kuupandisha kwenye kipeo cha 0.75, kisha kuzidisha kwa 70. Kipeo hicho kisikutishe. Kwenye kikokotoo cha simu, zidisha uzito kwa wenyewe mara tatu (5 × 5 × 5), halafu bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili mfululizo.

Chukua mbwa wa wiki 10 mwenye kilo 5. Tano mara tano mara tano ni 125. Kipeuo chake ni 11.18, na kipeuo cha hicho ni 3.34. Ukizidisha kwa 70 unapata 234, nishati ya mwili uliopumzika tu. Mtoto aliye chini ya miezi 4 huhitaji mara 3 ya hapo, yaani kilokalori 702 kwa siku. Kuanzia miezi 4 hadi akaribie kukomaa huhitaji mara 2.

Gawanya 702 kwa 3,550, na jibu ni kilo 0.198. Mbwa huyu anahitaji gramu 198 kwa siku nzima, karibu gramu 50 kwa mlo akila mara nne.

Tazama kinachotokea baadaye. Mbwa yuleyule akifika miezi 5 akiwa na kilo 10, hesabu inatoa kilokalori 787, sawa na gramu 222. Uzito umekuwa maradufu, chakula kimeongezeka kwa gramu 24 tu. Anayeongeza chakula kwa kufuata ukubwa wa mbwa anaouona kwa macho angempa gramu 400, na hapo ndipo unene wa utotoni unapoanzia.

Tahadhari: jedwali lililo nyuma ya mfuko husomwa vibaya kwa namna mbili. Gramu zilizoandikwa ni za siku nzima, lakini wapo wanaozitoa kwa kila mlo. Na katika mifuko mingi safu ya uzito humaanisha uzito atakaokuwa nao akikomaa, si uzito wake wa leo. Soma kichwa cha kila safu kabla ya kufuata tarakimu yoyote. Kumbuka pia kwamba jibu la hesabu hii ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu mbwa wawili wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana sana. Hatua ya saba ndiyo itakayokuonyesha urekebishe wapi.

Dalili ya kufanikiwa: asubuhi unapima gramu za siku nzima mara moja, unaziweka kwenye kopo moja, na milo yote inatoka humo. Kopo likiisha, chakula cha siku hiyo kimekwisha.

## Hatua ya 4: Badilisha chakula ndani ya siku 7 hadi 10

Vijidudu vya utumbo vinavyosaidia kusaga chakula vimezoea mlo wa zamani, na mabadiliko ya ghafla huvivuruga. Mtoto wa mbwa anapoingia nyumba mpya, mwendeleze na chakula alichokuwa akila kwa siku chache, kwa sababu tayari ameachana na mama yake na ndugu zake, na tumbo lake halihitaji mshtuko mwingine.

Kisha fuata mpangilio huu, ukipima kila sehemu kwa mizani:

1. Siku ya 1 hadi ya 3: robo ya chakula kipya, robo tatu ya zamani.
2. Siku ya 4 hadi ya 6: nusu kwa nusu.
3. Siku ya 7 hadi ya 9: robo tatu ya kipya, robo ya zamani.
4. Siku ya 10: chakula kipya pekee.

Kinyesi kikilainika, rudi kwenye kipimo cha hatua iliyotangulia na ukae hapo siku mbili tatu kabla ya kusonga mbele. Usiharakishe kwa sababu mfuko wa zamani unakaribia kwisha. Nunua kidogo cha kumalizia.

Tahadhari: kuharisha damu, kutapika mfululizo, au kukataa chakula na maji huku amelegea si matatizo ya kubadilisha chakula. Kwa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa parvo, unaoua kwa siku chache. Usisubiri asubuhi.

## Hatua ya 5: Panga milo na maji

Mpe milo minne kwa siku hadi miezi 3, mitatu hadi miezi 6, na miwili baada ya hapo. Saa ziwe zilezile kila siku, kwani utumbo wenye ratiba hukusaidia hata katika kumfundisha mahali pa kujisaidia. Weka bakuli kwa dakika 15 hadi 20, kisha liondoe hata kama kimebaki kidogo. Bakuli lililojaa kutwa linakunyima habari muhimu kuliko zote, yaani siku aliyopoteza hamu ya kula. Punje zilizoloweshwa zitupwe zisipoliwa ndani ya saa moja, hasa penye joto.

Watoto wa mbwa wa aina ndogo sana wanahitaji uangalizi wa pekee. Ini lao huhifadhi sukari kidogo, na wakipitisha saa nyingi bila kula sukari ya damu hushuka. Utaona anatetemeka, anayumba, au amelegea kama mwenye usingizi mzito. Mpake asali kidogo kwenye fizi na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Maji safi yawepo wakati wote. Chakula kikavu kina unyevu wa karibu asilimia 10 tu, kwa hiyo karibu maji yote anayohitaji yatatoka kwenye bakuli.

## Hatua ya 6: Usiongeze kitu juu ya chakula kilichokamilika

Hapa ndipo upendo unapodhuru. Mwenye mbwa amesoma lebo, amepima gramu, kisha anaongeza kijiko cha unga wa kalisiamu ili mifupa iwe imara. Chakula kilichokamilika tayari kina kalisiamu yake, na kijiko hicho kinavuka mpaka ambao mwili wa mtoto hauwezi kuulinda.

Kinyume chake nacho kinadhuru. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo mno. Mtoto anayeishi kwa nyama pekee hulazimika kuchota kalisiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka inakuwa laini, inapinda, na kuvunjika kwa kuruka tu. Miguu ya namna hiyo hairekebishwi kwa kuongeza nyama.

Vitafunwa vya mafunzo visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na vipunguzwe kwenye chakula. Njia iliyo bora ni kutumia punje zilezile za kwenye kopo kama zawadi, maana mtoto wa mbwa mwenye njaa kidogo haoni tofauti.

Vifuatavyo asipewe kamwe: chokoleti, vitunguu maji na vitunguu saumu, zabibu mbichi au kavu, karanga za makadamia, pombe, unga mbichi wenye hamira, na kitu chochote chenye sukari mbadala ya zailitoli, ambayo hupatikana kwenye bazoka na baadhi ya siagi za karanga. Mifupa iliyopikwa hupasuka kuwa ncha kali zinazoweza kutoboa utumbo.

## Hatua ya 7: Kagua mwili kila wiki, kisha rekebisha

Chagua siku moja ya wiki, mpime kabla ya mlo wa asubuhi, na uandike. Uzito unapaswa kupanda kila wiki. Ukisimama au kushuka kwa wiki mbili mfululizo, mwone daktari wa mifugo.

Mizani haitofautishi mafuta na misuli, kwa hiyo tumia mikono. Kunja ngumi, na kwa vidole vya mkono mwingine papasa vifundo vyake: mifupa iliyotokeza hivyo ni mbavu za mbwa aliyekonda. Sasa fungua ngumi, unyooshe kiganja, na upapase upande wa nyuma wa mkono, chini kidogo ya vifundo. Mifupa unaihisi bila kubonyeza, ikiwa imefunikwa kwa tabaka jembamba. Hivyo ndivyo mbavu za mtoto wa mbwa zinavyotakiwa kuwa. Geuza mkono upapase kiganja chini ya vidole. Ukilazimika kubonyeza ndipo uhisi mfupa, na mbavu za mbwa wako ziko hivyo, amenenepa.

Kisha mtazame kutoka juu akiwa amesimama. Nyuma ya mbavu pawe na kiuno kinachoingia ndani. Mtazame na kutoka ubavuni: tumbo lipande kuelekea miguu ya nyuma. Wanaotumia kipimo cha alama 1 (aliyekonda mno) hadi 9 (aliyenenepa mno) humtaka akae kwenye 4 au 5.

Urekebishaji ufanywe kwa asilimia 10. Akiwa mnene, mbwa wa gramu 198 apate 178. Akiwa amekonda na hana minyoo, apate 218. Subiri wiki moja, papasa tena. Kila baada ya wiki mbili rudia hesabu ya hatua ya tatu kwa uzito mpya, na anapotimiza miezi 4 badilisha kizidisho kutoka 3 kuwa 2. Akihasiwa, mahitaji yake ya nishati hushuka, hivyo mkague kwa makini zaidi wiki zinazofuata.

Najua ni vigumu kumpunguzia chakula mtoto anayekutazama kwa macho yale, na majirani watasema amekonda. Basi waeleze habari ya utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002. Mbwa 48 wa aina ya Labrador Retriever, waliopangwa jozi jozi za ndugu wa mzao mmoja, walifuatiliwa tangu utotoni hadi kufa, mmoja katika kila jozi akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliokula kidogo waliishi takriban miaka 1.8 zaidi, na magonjwa ya viungo yaliwapata wakiwa wamechelewa sana kuliko ndugu zao. Kula kidogo hakumfupishi mbwa. Kimo chake cha mwisho hutoka katika uzao wake, naye atakifikia hata akikua polepole.

Dalili ya kufanikiwa: mbavu zinahisika bila kubonyeza, kiuno kipo, na mstari wa uzito daftarini unapanda bila kuruka.

## Hatua ya 8: Hifadhi mfuko vizuri

Acha chakula ndani ya mfuko wake, ukunje mdomo ukitoa hewa, na uuweke mzima ndani ya chombo chenye kifuniko. Ukimwaga punje moja kwa moja kwenye chombo, mafuta yanayobaki kwenye kuta huchacha na kuharibu mfuko unaofuata, na tena unapoteza tarehe ya mwisho wa matumizi pamoja na namba ya toleo ambayo utaihitaji iwapo kutatokea tatizo.

Nunua mfuko utakaokwisha ndani ya wiki 6 baada ya kufunguliwa. Weka mahali pakavu, pasipo na jua. Punje zenye harufu ya mafuta yaliyochacha, zilizoshikana kwa unyevu, au zenye ukungu, zitupwe zote. Usichambue zilizo nzuri, kwa sababu sumukuvu haionekani na hushambulia ini.

## Hatua ya 9: Mhamishie chakula cha mbwa waliokomaa kwa wakati wake

Wa aina ndogo hukomaa kati ya miezi 9 na 12, wa wastani karibu miezi 12, wa aina kubwa miezi 12 hadi 18, na wale wakubwa mno huweza kufika miezi 24. Ukiwahi, unamnyima virutubisho mifupa ikiwa bado inafunga. Ukichelewa, nishati ya ziada huanza kugeuka mafuta.

Daftari litakuonyesha wakati wenyewe: uzito ukikaa palepale kwa wiki kadhaa huku mbavu na kiuno vikiwa sawa na umri ukiwa ndani ya miezi iliyotajwa, ukuaji umefika mwisho. Nunua mfuko mpya, soma lebo yake upya, kokotoa nishati yake, kisha rudi kwenye hatua ya nne na uanze na robo ya kwanza.